Mkanda wa Mguu wa Kushoto

Kila alfajiri Wakesho alipiga magoti kwenye mchanga nyuma ya jiko akamfunga mumewe mguu. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, na Mwandawiro keshapanda, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika ukuta. Mguu wa kulia aliuweka mwenyewe juu ya pedeli. Wa kushoto uliinuliwa na mkewe, taratibu, kama mtu anavyomwinua mtoto aliyelala. Ukishakaa mahali pake, Wakesho alizungusha kipande cha leso kuukuu chini ya pedeli na kukikaza juu ya buti. Ilikuwa kazi ya kufanywa upesi, kabla majirani hawajatoka kuchota maji.

Asubuhi hiyo fundo lilikuwa halijakaza waliposikia mtu akikohoa kwenye ua wa minyaa.

"Hodi hapa."

Wakesho aliijua sauti. Ilikuwa ya Bwana Ndeti, nyapara wa walinzi wa bomba, ambaye hakuwa na desturi ya kuingia nyumbani kwa mfanyakazi. Alijivua kanga ya mabegani akaiangusha juu ya mguu wa mumewe, akasimama, akaanza kupangusa kiti cha baiskeli ambacho mumewe bado alikuwa amekikalia.

"Karibu, Bwana Ndeti," alisema.

Ndeti alikuwa Mkamba mfupi wa makamo, aliyekaa Voi miaka mingi hata akaoa na kujenga huko. Alisimama mbele ya baiskeli, akatabasamu.

"Mwandawiro, naona uko juu ya farasi mapema."

"Kazi, bwana."

"Vizuri. Shuka basi tusalimiane, nina neno."

Mwandawiro hakushuka. Katika nchi ile mtu haamkii mkubwa wake akiwa juu ya baiskeli. Hushuka, akasimama kando, akavua kofia, ndipo akatoa mkono. Hata walevi walijua hivyo. Mwandawiro aliunyosha mkono wake kutoka juu, na Wakesho akatazama chini.

"Nisamehe, bwana. Mnyororo huu nimeurudisha sasa hivi. Nikishuka utatoka tena."

Ndeti aliutazama ule mkono kwa muda, kisha akaupokea kwa ncha za vidole.

"Ijumaa injinia anatoka Mombasa," alisema, na tabasamu lilikuwa limekwisha. "Atafuata kila mlinzi na gari, hapa mpaka Maungu. Anataka kuona nani anaiweza hii kazi na nani anabebwa na wenzake. Watu watapunguzwa."

"Ataangalia nini hasa?"

"Ataangalia baiskeli na mtu aliye juu yake. Hiyo tu." Aligeuka kwenda, akasita karibu na Wakesho. "Mama, leso yako itaingia kwa cheni."

*

Bomba lile lilileta maji kutoka chemchemi za mbugani, likapita Voi, likateremka na barabara kuu kwenda Mombasa. Mwaka huo wa sabini na tano nchi ilikuwa imekauka hata miiba ikapauka, na tembo walikuwa wakinusa maji ndani ya chuma. Waliisukuma mifuniko, wakavunja viungo, na mlinzi ndiye aliyepaswa kupita kwenye kile kijia cha mchanga kila siku kutafuta penye unyevu. Hapakuwa na namna ya kuifanya kazi ile kwa miguu.

Nyoka alimuuma Mwandawiro chini ya kilima cha Maungu, alipoinama kufungua mfuniko. Alikuwa kifutu, yule nyoka mnene asiyeondoka njiani. Hospitali walimtibu, uvimbe ukapungua, kidonda kikafunga, na ofisini wakaandika kwamba amepona. Lakini mguu wenyewe haukurudi. Ulining'inia kwenye kifundo. Haukujua moto wala baridi, wala haukujua kama uko juu ya pedeli au umeteleza. Siku za kwanza za kurudi kazini uliingia katikati ya njiti za gurudumu naye hana habari, mpaka alipojikuta chini, mdomo umejaa mchanga.

Siku hiyo alirudi nyumbani akisukuma baiskeli, akamwambia mkewe, "Tafuta kitu unifunge." Kisha akasema, "Na hili ni letu sisi wawili."

Wakesho alikubali, na tangu hapo mumewe alikagua bomba kwa macho tu, bila kushuka, mpaka arudi nyumbani afunguliwe. Yeye hakuwa mtu wa maneno mengi hata kwa mambo yasiyo ya siri.

*

Jioni ya siku aliyokuja Ndeti, Wakesho aliitwa aende mtaa wa Mwakingali, nyumbani kwa Dinah, dada mdogo wa mama yake. Mama yake, Tryphena, alikuwa ameteremka kutoka Mgange kuuza mboga na alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani, hajagusa chai.

"Keti," alisema Tryphena.

Wakesho aliketi.

"Leo asubuhi nilikutana na mumeo pale kwenye reli. Nilimwona kutoka mbali. Nikatua mzigo, nikasimama kando, nikajua atashuka." Alikisogeza kikombe cha chai mbali. "Aliinua kofia akapita. Mbele ya wanawake wote wa sokoni. Akapita kama amepita jiwe la maili."

"Pengine hakukuona, mama."

"Asiyeniona ananiinulia kofia?"

Dinah alikuwa mlangoni akipepeta mchele. "Wakwe wa Voi siku hizi wana breki mbovu," alisema. "Wa kwangu naye tangu anunue redio ananiamkia kwa kidole."

Tryphena hakucheka. "Nimemkosea nini? Kama nimemkosea, aniambie. Nitakuja na wazee, tuzungumze. Mimi si mtu wa kupitwa bila kuambiwa kosa langu."

"Hujamkosea, mama."

"Basi ni nini?"

Maneno yalimjia Wakesho hadi kwenye meno. Mguu wake umekufa, mama. Nimemfunga mimi, hawezi kushuka. Lakini Mwandawiro alikuwa amemweleza hesabu yake mara nyingi. Mama akijua, Dinah atajua. Dinah akijua, soko litajua. Na mke wa Ndeti hununua mboga kwenye soko hilohilo.

"Ni kazi," alisema. "Siku hizi wana haraka."

"Haraka," alirudia Tryphena. Alimtazama bintiye muda mrefu, na Wakesho akaona kwamba mama yake alijua anadanganywa, na kwamba uwongo ule umemuumiza kuliko ile kofia. "Haya. Ijumaa nitarudi nyumbani. Nitangoja basi pale njia ya bomba inapokata barabara. Si hupita pale kila asubuhi?"

"Mama, pale hapana kivuli. Basi laweza kukuchukua hapa stesheni."

"Nitangoja pale. Akinipita mara ya pili nitajua nina mkwe wa namna gani."

*

Kile kipande cha leso kilikuwa kimeanza kuchanika, na kisingefika Maungu mbele ya gari la injinia. Wakesho alikwenda kwa Kituku, fundi wa baiskeli aliyefanya kazi chini ya mwarobaini karibu na stesheni. Palikuwa na wanaume wawili wamekaa kwenye tairi kuukuu wakingoja chochote. Alitamani wangeondoka. Hawakuondoka.

"Nataka kitu cha kushikia mguu kwenye pedeli," alisema.

"Cha nani?"

"Cha mtu."

"Huyo mtu anashindana mbio?"

"Anaenda kazini tu."

Kituku alifuta mikono. "Mama, mtu wa kwenda kazini hafungwi. Mguu unakaa kwa pedeli kwa sababu mwenyewe ameuweka."

Mmoja wa wale wanaume alisema, "Labda mama anataka baba asishukie kwa mama wengine njiani." Mwenzake akacheka mpaka akakohoa.

Wakesho alisimama pale, macho kwenye rundo la minyororo, na hakuondoka. Kituku alimtazama tena, polepole. Akaingia kwenye kibanda chake akatoka na kichuma kilichopindwa kama pua ya kiatu, kina ukanda mwembamba wa ngozi.

"Hii iliachwa na kijana mmoja wa Kihindi aliyekuwa akishindana. Unaifunga mbele ya pedeli, vidole vinaingia humu. Lakini ni ya viatu vyembamba. Anavaa nini?"

"Gambuti."

"Haingii." Aliiweka chini. Akachukua kipande cha mpira wa tairi, kama cha viatu vya akala. "Hii naweza kuigongomea juu ya pedeli. Mguu unaingia kutoka nyuma na kutoka kwa kurudi nyuma. Nzuri sana, hata akianguka mguu unatoka wenyewe."

"Na kama mguu unatoka wenyewe kabla hajaanguka?"

Kituku aliurudisha mpira chini. "Basi hii haifai," alisema, kwa sauti ya chini ambayo wale wengine hawakuisikia. "Kuna mshipi wa suruali pia. Unakaza sana. Lakini kuufungua unataka mikono miwili, na mtu akiangukiwa na baiskeli mbele ya lori atatoa wapi mikono miwili? Kumfunga si kazi, mama. Kazi ni kumfungua. Tafuta kitu kinachoshika barabara, lakini akikivuta mara moja kwa mkono mmoja, kinaachia."

"Ukikipata cha namna hiyo uniletee," alisema yule mchekeshaji, "na mimi nimfungie mke wangu."

Wakesho alimshukuru Kituku akaondoka mikono mitupu. Alipofika kwenye reli aligundua kwamba alikuwa akijua tangu pale kwenye mwarobaini ni nini angefanya. Ila hakutaka kukisema mbele yao.

*

Alisokota katani kwenye paja lake, kama mama yake alivyomfundisha huko Mgange akiwa msichana. Wanawake wa milimani hubeba kuni mgongoni, na mkanda unaozishika hupita kwenye paji la uso. Kwa hiyo mkanda lazima uwe mpana, laini, usiokata ngozi, na usioachia mzigo kwenye mteremko. Wakesho alikuwa hodari wa mikanda. Aliufuma upana wa vidole viwili, akauwekea kitanzi upande mmoja, na upande wa pili mkia mrefu uliopita ndani ya kitanzi na kukunjwa. Ukivuta mkia, fundo lote linafumuka.

Alhamisi jioni walifunga mlango wakaingiza baiskeli ndani. Mwandawiro alipanda akiegemea meza, mkewe akamfunga.

"Vuta," alisema Wakesho.

Alivuta. Mkanda uliachia, ukaanguka sakafuni bila sauti.

"Nifunge tena."

Alimfunga tena. Mwandawiro alitikisa goti kwa nguvu na mguu haukutoka. Alivuta na ukatoka. Alicheka, kicheko kifupi cha mshangao. Tangu nyoka yule Wakesho hakuwa amekisikia.

"Mama Elsie, ungekuwa mwanamume ungekuwa fundi."

Hapo ndipo alipomwambia, kwa sababu hakutaka kumwambia akiwa na huzuni. "Kesho mama atakuwa barabarani. Pale njia ya bomba inapokata."

Kicheko kilikwisha. "Kwa nini hukumpitisha kwingine?"

"Mama yangu hapitishwi."

"Gari litakuwa nyuma yangu."

"Najua."

"Nikishuka, wataona ninavyoburura mguu. Nisiposhuka, mama ataona dharau."

"Niende nimwambie usiku huu?"

"Usimwambie."

"Lakini sasa una mkanda unaofunguka, Baba Elsie. Utashuka, umwamkie, upande tena."

"Na nani atanifunga tena?" aliuliza Mwandawiro. "Wewe? Upige magoti barabarani, injinia anakutazama?"

Wakesho aliuokota mkanda sakafuni akaukunja. Akautundika kwenye msumari karibu na mlango.

*

Ijumaa gari lilisikika kabla halijaonekana. Landrova ilikuwa ikipanda kutoka upande wa stesheni, na Wakesho alikuwa bado hajamfunga.

"Upesi," alisema Mwandawiro.

Alichukua mkanda kwenye msumari. Katani ilikuwa kavu, ikiteleza juu ya mpira wa gambuti. Palikuwa na ndoo ya maji karibu na mlango. Aliuchovya mkanda ndani, akaukamua, akaufunga. Hivyo ndivyo mwanamke afanyavyo kabla ya kujitwika kuni, hulowesha mkanda ili ung'ate mzigo. Mikono yake ilikuwa imeyafanya hayo tangu utoto, na asubuhi hiyo iliyafanya bila kumuuliza. Fundo lilikaa vizuri.

Ndeti alikuwa mbele ya gari, karibu na injinia aliyevaa miwani myeusi. Mwandawiro aliinua kofia, akausukuma ukuta, akaondoka. Alikwenda vizuri. Magoti yote mawili yalipanda na kushuka kama ya mtu mzima, na Landrova ikamfuata polepole, ikitimua vumbi.

Njia ya bomba huzunguka mbali kabla ya kukata barabara, kwa hiyo Wakesho alikata njia ya mkato mbio hadi Mwakingali, akamkuta mama yake keshajitwika. Walitembea pamoja mpaka pale njia ya bomba inapokata barabara. Tryphena alitua mzigo, akajipangusa uso, akanyosha leso yake, akasimama kando ya njia kama mtu aliyeitwa barazani.

"Mama," alisema Wakesho.

"Nakusikia."

"Leo ana wakubwa nyuma yake."

"Na mimi ni nani?"

Jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Kutoka kwenye vichaka baiskeli ilitokea, na nyuma yake gari.

Mwandawiro aliwaona. Wakesho alijua kwa jinsi mabega yake yalivyopanda. Alikuja, akaja, na alipofika mbele ya mama mkwe wake alibana breki, akasimamisha mguu wa kulia ardhini. Mkono wake wa kushoto ulishuka kwenye mkia wa katani. Akavuta.

Mkanda haukufunguka.

Akavuta tena, kwa nguvu, mpaka baiskeli ikayumba. Katani ilikuwa imevimba, fundo limebana kama jiwe, na jua lilikuwa limelikausha juu. Wakesho aliona ndoo. Aliona mikono yake mwenyewe ikikamua maji.

Honi ililia. "Mwandawiro," aliita Ndeti akitoa kichwa dirishani, "hapa si mahali ya kusimama. Twende."

Mwandawiro alivua kofia akiwa juu ya kiti. "Nina haraka, mama," alisema, na hakumtazama.

"Nimeona," alisema Tryphena. Aliinama kushika mzigo wake.

Ndipo Wakesho alipopiga magoti. Hakupanga. Alipiga magoti kwenye mchanga, mbele ya gari, mbele ya mama yake, mbele ya wapita njia wawili waliokuwa wamesimama, akashika fundo kwa kucha.

"Inuka," alinong'ona Mwandawiro. "Wakesho, inuka, wanatazama."

Hakuinuka. Kucha zilivunjika. Alijaribu meno, na katani ikamkata mdomo. Honi ililia mara ya pili, kisha mlango wa gari ukafunguka.

Kivuli kilimwangukia. Mama yake alikuwa amesogea karibu, karibu kuliko mama mkwe anavyoruhusiwa kumsogelea mkwewe, akiwa amegeuza uso pembeni kwa heshima. Lakini jicho lake lilikuwa limeuona mkanda. Aliutambua ufumaji ule. Ulikuwa wake.

"Umeulowesha," alisema polepole.

"Ndiyo, mama."

"Mkanda wa kufungua hauloweshwi. Wa kuni, ndiyo." Sauti yake ilikuwa imebadilika. Alitazama pedeli, akatazama gambuti lililolala upande kama kitu kisicho na mwenyewe. Alitoa kwenye mzigo kisu kidogo cha kukatia mboga, akamnyoshea bintiye mpini. "Kata."

Wakesho aliikata kazi yake ya siku mbili. Mguu ulianguka kutoka kwenye pedeli, ukagonga mchanga kwa upande, na mwenye mguu hakuhisi kitu.

Mwandawiro alishuka. Alishuka kwa kushika kiti, akauvuta ule mguu nyuma yake, akafika kando ya njia mahali anapostahili kusimama mkwe. Kofia ilikuwa mkononi. Ndeti alikuwa amesimama karibu na mlango wa gari, na injinia alikuwa amevua miwani.

"Mwandawiro," alisema Ndeti, "hiyo mguu ina nini?"

Mwandawiro hakugeuka. Wakesho, bado yuko magotini, vipande vya katani mkononi, alimwona akifumba macho kama mtu anayeingia maji ya baridi. Kisha akayafumbua, akamwamkia mkwewe kwa Kitaita, kwa sauti ya kusikika mpaka garini.

"Kwawuka, mama. Siku ile kwenye reli nilikuona, na nilitaka kushuka. Sikuweza. Mguu huu umekufa tangu nyoka, na kila asubuhi ni huyu mtoto wako anayenifunga kwa baiskeli. Sikukudharau, mama. Niliogopa."